Koti la Kuazima

Arusi nyingi za Ulemo, katika wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida, hungoja mavuno. Mtama na alizeti vikiisha kuingia ghalani, watu hupata nafasi ya kufurahi, na wanaume hupata shida ya kutafuta suti. Asubuhi ya Julai huko ina baridi, na sufu huonekana rafiki. Saa saba ya mchana jua husimama utosini, na rafiki yule hugeuka adui.

Na afikiriwe baba mmoja, mkulima, siku ya kumwoza bintiye. Hana suti. Ameazima koti la nduguye aliye mwalimu, nalo lilinunuliwa mtumbani, limeshonwa nchi ya mbali kwa kipimo cha mtu asiyejulikana. Mabega yamezidi vidole viwili kila upande. Tai yamkaba. Hawezi kuinua mkono kumpungia mgeni, wala kuinama kumbeba mjukuu. Je, mtu huyu anawaheshimu wageni wake, au anawaogopa?

Wahenga walisema cha kuazima hakistiri maungo. Neno hilo ni la kweli, lakini halijibu swali hili, kwa maana baba hakuazima kwa sababu ya uchi. Shati lake jeupe lingalimsitiri vyema. Kuna taabu ambayo mtu huichukua kwa ajili ya mwingine, kama akeshavyo kwa mgonjwa. Na kuna taabu ambayo huichukua ili asichekwe. Kwa macho zafanana. Hutengwa kwa swali dogo: nani angalihuzunika kama koti lisingalivaliwa? Kama ni binti, taabu ile ni zawadi. Kama ni majirani tu, ni kodi.

Wakubwa nao hawakusalimika. Tai yenyewe, ambayo wengi huidhani alama ya ustaarabu, ilitokana na kitambaa cha shingoni cha askari wa Kroatia waliotumikia Ufaransa katika karne ya 17. Kenneth Kaunda, rais wa Zambia tangu 1964 hata 1991, alivaa suti isiyotaka tai, ikaitwa kwa jina lake na kupendwa Afrika ya Mashariki. Hata hivyo, Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya aliikataza bungeni. Umoja wa Vijana wa TANU nao ulipiga vita suruali za kubana mjini Dar es Salaam tangu Januari 1969. Katika amri zote hizo, mwili wa mvaaji haukuulizwa neno.

Fundi cherehani ndiye huuliza. Kiuno cha koti hupunguzwa upesi, na mikono hufupishwa. Lakini bega halipunguzwi mpaka koti lifumuliwe karibu lote.

Uzito wa jambo hili umo katika picha. Binti atakapozeeka, na baba hayupo, atawaonyesha watoto wake mtu mwenye mabega ya mtu mwingine. Huenda akalia kwa mapenzi. Huenda akatamani kumwona katika shati alilolizoea. Katika mashauri yote ya posa, mahari na karamu, ni nadra bibi arusi kuulizwa baba yake avae nini.

Wali uletwapo, baba hulivua koti, akalitundika kitini, akanawa mikono. Nduguye mwalimu, aliyelichunga tangu asubuhi kwa hofu ya mchuzi, ndiye wa kwanza kushusha pumzi.