Mtarudi Lini?



Naomba nianze na aibu yangu. Nikiwa mwaka wa pili wa falsafa, wakati wa likizo, niliwakusanya vijana wenzangu wa parokiani twende kutembelea kituo kimoja cha watoto. Tukachanga, tukanunua sabuni, sukari, unga na maboksi mawili ya biskuti. Fulana zilifanana. Tulipofika tuliimba, tukatoa zawadi, tukapiga picha nyingi kuliko idadi ya watoto wenyewe. Wakati tunapanda gari tulilokodi, mtoto wa kama miaka sita akanishika suruali: "Kaka, mtarudi lini?" Nikajibu haraka haraka, "Tutarudi tu, Mungu akipenda."

Hatukurudi. Mungu alipenda, ni sisi ambao hatukupanga.

Swali lile lilinisumbua kuliko mtihani wa metafizikia, na metafizikia ilinisumbua kweli. Kwa nini hatukurudi? Hatukuwa watu wabaya. Ila kazi tuliyoichagua haikuwa saizi yetu. Kituo kilikuwa mbali, gari la kukodi bei juu, na kati yetu hakuna aliyezoea kukaa na watoto. Mimi mwenyewe, nyimbo zilipoisha, nilibaki nimesimama sijui niseme nini. Tulichagua kitakachopendeza kwenye picha, hatukujiuliza mkononi tuna nini.

Sasa fungua Injili ya Yohane sura ya 6. Tumezoea kuhubiri muujiza wa mikate, lakini hebu angalia mikate yenyewe ilivyopatikana. Watu ni maelfu. Filipo anapiga hesabu ya fedha na anaona haitoshi. Andrea ndiye anayemwona mtoto mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Mtoto hakujitangaza, na pengine hakuwaza kabisa kwamba chakula chake kinahusika na shida ya umati ule. Andrea naye ana mashaka, anasema wazi kwamba vitu hivyo si kitu kwa watu wengi namna hiyo. Lakini anamleta kwa Yesu hivyo hivyo.

Kwa hiyo ukinitumia ujumbe, kama wengi mnavyofanya, "Frateri, nataka kujitolea ila sijui wapi," swali langu la kwanza ni hili: Andrea wako ni nani? Nani anakufahamu wewe na anafahamu shida za mtaani kwako?

Wangu alikuwa mama mmoja, mwenyekiti wa jumuiya, nilipokuwa parokiani kwa mwaka wa kichungaji. Nilimpelekea mpango wangu wa semina ya vijana kuhusu hadhi ya mtu, mada sita. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa Frateri. Ila nina wazee wanne hapa hawatoki ndani, na redio zao zimekufa. Hata Misa ya redioni hawaipati." Kisha akaniuliza kama namjua kijana fulani, fundi simu pale stendi. Nilimjua kwa sura tu. Kwaya hayumo, haongei, jumuiyani anakaa karibu na mlango ili awahi kutoka. Mama yule alikuwa amemwona siku nyingi.

Jumapili mchana kijana akapita kwa wazee na mkoba wake wa vifaa. Redio tatu zikapona, ya nne ilikuwa betri tu. Wazee wakaipata Radio Maria. Cha ajabu, kijana aliendelea kupita hata redio zikiwa nzima. Bibi mmoja alikuwa na simu yenye ujumbe chungu nzima kutoka kwa mwanae aliye mbali, naye hajui kusoma. Basi yule kijana asiyeongea akawa anakaa kwenye mkeka kila Jumapili, anasoma kwa sauti maneno ya mtoto wa mwenzake.

Semina yangu ya hadhi ya mtu sikuifanya.

Hata wasomi wakubwa walihitaji kuonyeshwa mlango. Mwenyeheri Frédéric Ozanam alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Paris alipoanzisha na wenzake, tarehe 23 Aprili 1833, kile kilichokuja kuwa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Siku hiyo alikuwa anatimiza miaka 20. Midahalo waliiweza sana, lakini nyumba za maskini hawakuzijua. Wakaenda kwa Sista Rosalie Rendu, aliyekuwa ameishi miaka mingi kati ya maskini wa mtaa wa Mouffetard. Yeye ndiye aliyewapa familia za kutembelea na kuwafundisha namna ya kuingia nyumba ya mtu.

Umri nao usikudanganye. Mdogo wako wa Utoto Mtakatifu anaweza kumchotea jirani mgonjwa maji na kumfagilia uwanja. Hahitaji mradi. Wewe uliyemaliza kidato cha nne na unasubiri matokeo, una miezi mitupu na hesabu bado ziko kichwani. Tafuta watoto watatu wa jumuiya ambao wazazi wao hawawezi kulipa tuisheni. Anayesoma uhasibu, kuna kikundi cha akina mama hapo parokiani ambacho daftari lake la mikopo linahitaji jicho lako. Bodaboda, kila Jumapili kuna bibi anayetembea saa nzima kuja Misa. Dada mwenye cherehani, soma habari za Tabitha katika Matendo ya Mitume 9, uone wajane walivyoonyesha nguo alizowashonea, halafu uangalie sare za watoto zilizochanika. Na ukishafikisha miaka 18 na kilo 50, unaweza kuchangia damu kama uko salama kiafya, mwanaume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Wanaozimia wakiona sindano (niko kundi hilo) watafute kingine bila kujilaumu.

Kuna aliyeniuliza, "Sasa Frateri, kama nafanya ninachokipenda, msalaba uko wapi?" Usiwe na wasiwasi, msalaba utakuja wenyewe, kama wiki ya nne hivi. Mvua itanyesha. Mzee ataamka na hasira. Mtoto uliyemfundisha mwezi mzima atapata saba kwa hamsini, na hakuna atakayesema asante. Unachokipenda kazi yake ni kukufikisha mlangoni na kukupa nguvu ya kurudi siku ambayo hujisikii. Aristotle, ambaye nilimsoma mpaka usiku wa manane, alifundisha kwamba mtu huwa mwenye haki kwa kutenda ya haki tena na tena. Niliandika insha nzuri tu juu ya hilo, na mwaka ule ule nikamwambia mtoto "tutarudi" na sikurudi.

Kama hujui jumuiya yako inasali nyumba gani Jumamosi hii, anzia hapo. Uliza, nenda, na baada ya sala usiwahi kutoka.

Yule mtoto? Baadaye tulirudi, ndiyo. Miezi saba ilikuwa imepita, na tulikuwa wanne tu, kwa daladala, bila fulana. Mlezi akaniambia mtoto amechukuliwa na ndugu zake, wanaishi mkoa mwingine. Nilisimama pale na biskuti zangu. Kisha mlezi akasema kama tuna nafasi, kuna watoto wa darasa la tano wanalia na sehemu. Tukapanga zamu, wawili wawili, Jumamosi moja kila mwezi, na nikiwa likizo naingia kwenye zamu. Wiki hii ni mimi. Mpaka leo sijapata njia nzuri ya kuwaeleza kwa nini theluthi ni kubwa kuliko robo.