Hiari, Tamaa na Kidonge

Tangu tabibu James Parkinson wa London alipoandika risala yake juu ya ugonjwa wa kutetemeka, mwaka 1817, watu wengi wameuhesabu kuwa maradhi ya viungo tu. Kumbe dawa zake zimetufunulia jambo zito zaidi, nalo ni kwamba hata hiari ya mwanadamu ina makao yake mwilini.

Mtazame mzee wa heshima zake, ambaye vidole vyake vilishindwa kufunga vifungo vya kanzu, akapewa pramipeksoli, kidonge kinachoiga kazi ya dopamini iliyopungua ubongoni, hata siku moja akavifunga vyote mwenyewe, akamhimidi Mola. Miezi ikapita, na yeye, asiyepata kucheza kamari maishani mwake, akawa hukesha akibahatisha, hata akauza kiwanja cha wanawe kwa siri. Dopamini iamshayo mkono ndiyo pia imvutayo mtu kwenye raha anayoitaraji. Na katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010, wa wagonjwa 3,090 wa Marekani na Kanada, waliotumia dawa za namna hii walionekana kuwa na kamari, ununuzi, ulafi au ashiki isiyozuilika kiasi cha 17 katika kila mia, na wasiozitumia kiasi cha 7.

Je, ana dhambi? Mafakihi hawamtwiki taklifu mtoto, aliyelala wala mwendawazimu, kwa kuwa akili ndiyo sharti. Lakini mzee huyu anahesabu fedha zake sawasawa, anaficha stakabadhi chini ya godoro, na anaona haya. Akili yake i salama. Irada ndiyo iliyotekwa. Kwa hiyo naona si insafu kumlaumu kwa tamaa asiyoipanda, ingawa tangu siku atakapoijua asili yake itamlazimu kuisema. Na tabibu aliyempa dawa bila kumwonya, na jamaa walionong'ona badala ya kuuliza, wana fungu lao katika dhima hiyo. Maana tamaa hiyo mara nyingi hutulia daktari akipunguza au kubadili dawa, ilhali mgonjwa anayeiacha dawa ghafula kwa aibu hujitia hatarini.

Basi kabla hatujamwambia mzazi wetu kwamba ameharibika uzeeni, na tuketi karibu naye, tumshike mkono uliotulia, tumwulize kwa upole: “Baba, siku hizi unatumia dawa gani?”