Mlima Una Mwenyewe

Mafundisho kwa wakatekumeni wa vijijini

Katika vijiji vya Mboko jua huchomoza upande wa ziwa, na mwanga wake hugusa vilele vya milima kabla haujafika kwenye mapaa ya nyumba. Mkatekumeni aendaye kanisani asubuhi huiona milima hiyo kila siku, na kwa sababu ya mazoea huenda asiitazame kamwe. Basi yafaa aitazame, kwa maana kabla ya katekista kufungua kitabu, Mungu amekwisha kuanza kumfundisha kwa kazi za mikono yake.

Maji ya Ziwa Tanganyika yako mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari; kumbe Mohi, kilele kikuu cha milima ya Itombwe, hufika mita 3,475. Apandaye kutoka ziwani huacha nyuma michikichi na mashamba ya mihogo, hupita penye majani marefu, kisha huingia katika msitu ambamo matawi yamevikwa kuvumwani na maji hudondoka hata siku isiyo na mvua. Juu zaidi hukuta mianzi, ukungu na baridi. Huko yuko sokwe, na yuko gorila wa Grauer, mnyama mwenye nguvu nyingi alaye majani na machipukizi, ambaye porini hapatikani popote duniani ila mashariki ya Kongo. Hakuna mtu aliyeipanda mianzi ile, wala aliyemfundisha gorila kulea mtoto wake. Muumba ndiye aliyefanya hayo.

Yuko pia kiumbe mdogo mwenye fundisho kubwa. Mwaka 1951 wataalamu walimpata katika Itombwe bundi wa aina ambayo hawakuijua. Baada ya hapo miaka 45 ikapita. Mwaka 1996 alinaswa mmoja wavuni akiwa hai, akapigwa picha, akaachiliwa aende zake. Katika miaka ile yote wataalamu hawakumshika hata mmoja. Lakini Mungu hakumsahau. Bwana Yesu alifundisha ya kwamba hata shomoro, auzwaye kwa bei ndogo sokoni, yumo katika ukumbusho wa Baba. Je, bundi wa Itombwe hayumo?

Lakini watu wengi wasikiapo bundi akilia usiku juu ya paa hutetemeka. Husema ametumwa na mchawi, au ameleta habari ya kifo. Nao humpiga kwa mawe. Mkatekumeni na ajiulize: Je, ndege aweza kuushika uhai wa mtu? Uhai wa mtu u mikononi mwa Mungu peke yake. Bundi hutafuta panya, walao mahindi ya mkulima; naye hulia kwa sababu ndiyo sauti aliyopewa. Anayejiandaa kumkataa Shetani mbele ya kisima cha ubatizo aanze na hofu hiyo, aiache. Kumwua ndege asiye na kosa hakumwongezei mgonjwa siku moja ya uhai.

Katika sura ya pili ya kitabu cha Mwanzo imeandikwa kwamba Mungu alimweka mtu bustanini, akampa kazi mbili: kulima na kutunza. Wako wapendao kazi ya kwanza, na ya pili wakaisahau. Kulima si dhambi. Kukata mti wa kujengea nyumba si dhambi. Kuvua samaki kwa ajili ya watoto si dhambi. Dhambi ni kuharibu kana kwamba hakuna mwenye mali. Ndiyo maana Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, hulieleza jambo la kuheshimu viumbe chini ya amri ya saba, ile ikatazayo wizi.

Na utolewe mfano. Mtu mmoja wakati wa kiangazi aliwasha moto mlimani ili kuwatoa ndezi majanini. Alipata wawili, akafurahi. Lakini upepo uliuchukua moto, ukawaka usiku kucha. Uliteketeza viota na makinda yake, miche michanga ukingoni mwa msitu, na shamba la mihogo la mjane. Alipoulizwa, alijibu, “Majani yale hayana mwenyewe.” Mvua zilipokuja, udongo ulioachwa uchi ulishuka mtoni, na wanawake wakateka matope. Kwa ndezi wawili mtu yule alikuwa amemwibia mjane chakula, akawaibia jirani zake maji, na watoto wake mwenyewe akawaibia msitu.

Watu wa Fizi wanajua nguvu ya maji. Mwezi wa Mei 2025 mvua kubwa ilifurisha mto usiku katika kijiji cha Kasaba, kando ya ziwa, na watu zaidi ya 60 wakafa. Mtu asithubutu kusema kwamba waliadhibiwa kwa dhambi zao. Walipouawa watu kumi na wanane kwa kuangukiwa na mnara wa Siloamu, Bwana Yesu alikana kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine. Bali aliwaita wote waliosikia watubu. Vivyo hivyo Mkristu huwaombea marehemu, huwasaidia waliobaki, kisha huutazama mlima wake. Mizizi hushika udongo, na majani yaliyooza hunywa mvua na kuiachilia polepole. Mwenye kuulinda msitu humlinda jirani akaaye bondeni.

Mwaka 2006 serikali ya Kongo ilitangaza hifadhi katika milima ya Itombwe; na mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko aliwaandikia watu wote waraka Laudato Si’, akiwahimiza kuitunza dunia kama nyumba yao moja. Lakini tangazo na waraka haviwezi kuuzima moto uliowashwa na mkono wa mtu. Mkono wenyewe ndio upaswao kuongoka.

Azimio la juma hili: Mkatekumeni asiwashe moto mlimani, asimpige bundi, apande mti mmoja wa asili karibu na kijito. Na jioni, kabla ya kulala, aitazame milima na kumshukuru Mwenyewe.