Bei Unayoweza Kuisema kwa Sauti

Chukua kazi mbili. Ya kwanza ni kipeperushi cha kampuni inayouza ploti za hamsini kwa mia huku kwetu Kitengela. Ya pili ni programu ya mazishi: kurasa nne, picha ya marehemu mbele, ratiba ya ibada katikati, majina ya watoto na wajukuu nyuma. Kila moja inanila kama saa tatu, kompyuta ileile, bando ileile. Je, kila mteja nimtoze ngapi?

Sisi tunaoandika na kudizaini bila kuajiriwa huulizana swali hili karibu kila wiki, na kwa kawaida tunalijibu kama swali la biashara. Mimi naliona ni swali la maadili. Bei ni mahali ambapo unaamua utamtazama mtu mwingine kwa jicho gani.

Wengi wetu tulianza kwa kuhesabu saa. Inaonekana ni haki: nimefanya kazi saa tatu, nilipe saa tatu. Lakini hesabu hiyo inamwadhibu anayejua kazi. Kitu kilichonichukua siku mbili nilipokuwa na miaka kumi na tisa, leo nakimaliza kabla githeri haijaiva. Kwa bei ya saa, kadiri ninavyojua zaidi ndivyo ninavyolipwa kidogo zaidi. Na mteja analijua hilo vizuri: "Kijana wangu, si hii ni kitu ya dakika kumi tu?" Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina hata cheti cha kuegemeza bei. Nina kazi yenyewe tu.

Dawa wanayotupa waliotutangulia ni hii: usiuze saa, uza thamani. Uliza kazi yako itamletea mteja nini, kisha omba sehemu ya hicho. Kama kipeperushi kitasaidia kuuza hata ploti moja ya shilingi 600,000, elfu thelathini ni kitu gani? Nakubaliana na dawa hii, tena kwa sababu ambayo wengi hawaitaji: inamlinda mdogo. Mama anayeuza chapati pale Noonkopir akitaka kibao cha kibanda chake, saa zangu ni zilezile, lakini kibao kitamletea wateja wachache wa ziada kwa siku, basi. Kwa bei ya saa ningemtoza sawa na kampuni ya ploti. Kwa bei ya thamani analipa kile ambacho biashara yake inaweza kubeba. Hiyo si sadaka. Ni hesabu ileile niliyompigia mwenye ploti.

Lakini dawa hii haisemi thamani ni ya nani, na nani anaipima. Kitengela tumeishi na swali hilo muda mrefu, kwenye ardhi.

Mbuga ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, haina ua upande wa kusini. Mvua zikinyesha, nyumbu na pundamilia huvuka kuja nyanda za huku kwetu, kwenye mashamba ya Wamaasai. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi ili njia hiyo ibaki wazi: dola 4 kwa ekari kwa mwaka. Mzee asiweke ua, asikate ploti, asiuze. Mifugo yake iendelee kulisha kama kawaida. Malipo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka, yaendane na karo ya shule. Tafakari hapo kidogo. Mzee halipwi kwa jasho wala kwa saa. Analipwa kwa sababu kutoweka ua kuna faida kwa mtu mwingine. Hiyo ni bei ya thamani, tena safi kabisa.

Sasa weka dola 4 kando ya kile ambacho dalali wa ploti anakimwagia ekari hiyohiyo. Ardhi ni moja, lakini ina thamani tatu: kwa mbuga, kwa dalali na kwa mzee mwenyewe. Hakuna hata moja iliyoandikwa kwenye udongo. Na bei inapoamuliwa, kinachohesabika zaidi ni nani anaweza kungoja. Mwenye karo ya kulipa wiki ijayo hawezi.

Jambo hilohilo utalikuta kwenye mnada wa mifugo. Panda matatu ufuate barabara ya Namanga, pita Isinya, pita Kajiado mjini, ushukie Bissil siku ya soko. Ng'ombe wengi hapo hawapimwi kwa mizani. Wanapimwa kwa macho. Na dalali mzoefu haangalii ng'ombe peke yake, anamwangalia mwenye ng'ombe. Ametoka mbali? Ni Januari? Ana kijana kando yake mwenye barua ya kujiunga na shule? Ng'ombe hajapungua hata kilo, lakini bei inashuka.

Hapa ndipo mimi nasita. Kutoza kwa thamani kunanitaka nimjue mteja: anauza nini, anapata ngapi, anahitaji lini. Ni maarifa yaleyale ambayo dalali anayatafuta. Meseji ikiingia saa mbili usiku, "tunazika kesho kutwa, tafadhali tusaidie," najua kila kitu. Najua hawana muda wa kuzungukia wengine. Najua kwamba picha ya mama yao ikitoka na ukungu, jamaa wataongea miaka kumi. Ukipima kwa "thamani kwa mteja," kazi hiyo ina thamani kuliko kipeperushi cha ploti. Familia ile ingelipa elfu ishirini na isiulize. Na bado kila mtu mwenye akili timamu anajua kwamba elfu ishirini hapo ni wizi uliovaa tai.

Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu tunaita vitu viwili kwa jina moja. Kuna faida, yaani kile ambacho kazi yangu inaongeza kwa mteja. Na kuna hofu, yaani kile ambacho mteja anaogopa kukosa kwa sababu amebanwa. Faida tumeizalisha pamoja, kwa hivyo nina haki ya kuomba fungu langu. Hofu ilikuwepo kabla yangu. Sikuchangia chochote kwenye kifo cha mama yao, kwa hivyo sina fungu hapo.

Kipimo changu ni rahisi: je, naweza kumwambia mteja sababu ya bei, kwa sauti, uso kwa uso? "Nakutoza 30,000 kwa sababu karatasi hii itakusaidia kuuza ploti." Inasemeka, hata akikataa. "Nakutoza 3,500, na elfu moja juu kwa sababu nitakesha." Inasemeka pia, usingizi ni wangu na nimeutoa. "Nakutoza 20,000 kwa sababu unazika kesho kutwa na huna pa kwenda." Hiyo haitoki mdomoni.

Utaniambia, faida nayo ni kubahatisha. Kweli. Mwaka 1971 mwanafunzi wa Marekani, Carolyn Davidson, alichora nembo ya Nike akalipwa dola 35. Siku hiyo hakuna aliyejua itakuwa nini. Mwaka 1983 ndipo kampuni ilimpa hisa. Usingojee bahati kama hiyo. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi ya kuagizwa huhesabika ni mali ya aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hivyo mazungumzo ya thamani yafanyike kabla hujafungua faili, na yaandikwe, hata kama ni kwa WhatsApp: itatumika wapi, kwa muda gani, na ikikua kuliko tulivyofikiri tutafanyaje.

Na kipimo hiki kinamkata mteja pia. Mwenye ploti anaposema, "Chukua elfu tatu, nitakuletea wateja wengine," mara nyingi hajapima kazi yangu. Amenipima mimi: kijana, hana ofisi, tarehe ni ishirini na nane na kodi inakuja. Mimi ndiye mzee wa Bissil siku hiyo. Basi namuuliza kwa heshima, "Boss, hiyo elfu tatu umeifikia aje?" Wengine hucheka na kuongeza. Wengine hukasirika, na kazi inaenda kwa mwingine. Mwezi kama huo nala sukuma na ugali hadi nizizoee, na bado swali naliuliza, kwa sababu mteja asiyeweza kutaja sababu ya bei yake ameshanijibu.