Kelele Hupimwa kwa Jirani

Kompresa moja inaweza kuandikiwa desibeli 77, ikaandikiwa 69, ikaandikiwa pia 57, na asipatikane aliyesema uongo. Namba ya kwanza inaeleza nguvu yote ya sauti inayotoka kwenye mashine. Ya pili ni sauti inayolifikia sikio lililo mita 1 kutoka hapo, mashine ikiwa imewekwa chini mahali pa wazi. Ya tatu ni sauti hiyohiyo ikisikilizwa kutoka mita 4. Muuzaji mjanja anajua ipi ya kuchapa kwa maandishi makubwa juu ya boksi. Mnunuzi, ambaye mara nyingi anataka kitu kidogo tu cha kupulizia rangi ndege zake za plastiki, kupambia keki au kujazia upepo baiskeli ya mtoto, analiona neno "kimya", anatoa hela na kubeba mzigo wake.

Hakuna hata moja kati ya namba hizo tatu iliyopimwa kwa jirani wa ghorofa ya chini.

Hapo ndipo ununuzi huu mdogo unapoingia kwenye swali ambalo wanafiqhi, marabi na majaji wamelihangaikia kwa karne nyingi: mtu akiwa kwake, akifanya jambo ambalo si haramu wala si kosa, ana haki ya kupiga kelele kiasi gani? Na je, jibu linabadilika ikiwa kelele hizo si za riziki bali za kujifurahisha?

Muislamu wa Lamu au Unguja hana haja ya kwenda mbali. Hadithi ya 32 katika ule mkusanyo wa arubaini wa Imam Nawawi inakataza mtu kumdhuru mwenzake na inakataza watu kudhuriana. Lakini iko nyingine inayogusa suala hili kwa karibu zaidi, nayo imo katika mkusanyo wa Abu Daud. Mtume alikuwa katika itikafu msikitini, akawasikia watu wakisoma Qurani kwa sauti za juu. Akafunua pazia, akawaambia kwamba kila mmoja wao anazungumza na Mola wake, basi wasiudhiane wala wasipandishiane sauti katika kisomo. Kama kisomo chenyewe kimewekewa mpaka kwa ajili ya mtu aliye karibu, pistoni ya kupulizia rangi itaomba ruhusa kwa hoja gani? Wasiokuwa watu wa msikiti nao wana kisa chao. Mwaka 1784 Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Königsberg, alimwandikia mkuu wa mji akiwalalamikia wafungwa wa gereza lililokuwa karibu na nyumba yake, waliokuwa wakiimba nyimbo za dini kwa sauti kubwa hata akashindwa kufanya kazi. Hakutaka wakatazwe kuimba. Alitaka waimbe madirisha yakiwa yamefungwa.

Ugumu wa makatazo kama hayo ni kwamba kila mtu huyakubali mpaka siku anapoambiwa kwamba mdhuru ni yeye. Mwenye mashine husema haisikiki. Jirani husema haimpi usingizi. Nani aaminiwe?

Aliyeandika juu ya jambo hili kwa mikono ya kazi ni Ibn al-Rami, fundi mwashi wa Tunis katika karne ya 14, ambaye makadhi walikuwa wakimtuma kukagua ugomvi wa kuta, moshi, madirisha na vishindo. Kitabu chake cha hukumu za majengo, cha madhehebu ya Maliki, kinaeleza namna ya kuamua pale mtu anapolalamika kwamba kinu cha kusagia nafaka cha jirani kinautikisa ukuta wake. Inachukuliwa karatasi. Kila pembe inafungwa uzi, nyuzi nne zinaunganishwa juu, na karatasi inaning'inizwa darini upande wa nyumba ya mlalamikaji. Juu yake zinamwagwa punje kavu za giligilani. Kisha mwenye kinu anaambiwa: zungusha. Punje zikitikisika, kinu kiondolewe. Zikitulia, mlalamikaji aambiwe akae na jirani yake kwa amani.

Uzuri wa kipimo hiki hauko kwenye giligilani. Uko mahali karatasi inapotundikwa. Mwenye kinu haulizwi anasikia nini, wala fundi aliyekitengeneza kinu haulizwi ameahidi nini. Ushahidi unachukuliwa kule madhara yanakotua, na kinachotazamwa si mlio unaopita hewani bali mtikisiko unaopita ndani ya jengo. Kwa mtu anayeishi ghorofani leo, kipimo hiki kina akili kuliko boksi lolote la kompresa. Mlio mwembamba wa mota hufa kwenye mlango na pazia. Mngurumo mzito unaoshuka kwenye miguu ya mashine, ukaingia kwenye zege na kutokea kwenye dari ya watu wa chini, ndio unaomfukuzia mtoto usingizi, na ndio ambao namba ya boksi haiusemi.

Kuhusu riziki na starehe, Mishna ya Kiyahudi, iliyokusanywa karibu na mwaka 200, ina hukumu ya kushangaza kidogo. Watu wanaokaa ua mmoja wanaweza kumzuia mwenzao asifungue duka hapo, kwa hoja kwamba wanaoingia na kutoka wanawanyima usingizi. Lakini mtu anayetengeneza vitu nyumbani na kwenda kuviuza sokoni hazuiwi. Jirani hawezi kuleta hoja ya mlio wa nyundo yake, wala wa jiwe la kusagia, wala wa watoto. Kazi ya mikono na maisha ya nyumba vinavumiliwa, msongamano wa wateja hauvumiliwi. Mtu yeyote wa Dar es Salaam anaielewa sheria hiyo bila kuisoma. Fundi pancha aliye chini ya dirisha, na kompresa yake ya mkanda inayonguruma tangu alfajiri, anavumiliwa na mtaa mzima, kwa sababu kila anayepita anajua kwamba ule ndio ugali wa watoto wake.

Mpulizaji wa ndege za plastiki hana kinga hiyo. Halafu, tofauti na fundi pancha, saa zake ni za usiku, akishatoka kazini.

Isidhaniwe kwamba starehe haina haki yoyote. Thomas Aquinas, mtawa ambaye hakuwa mtu wa mzaha, aliandika kwamba akili inayochoka inahitaji mchezo kama mwili unavyohitaji kupumzika, na kwamba mtu asiyejua kabisa kufurahi, akawa mzigo kwa wenzake, naye ana kosa. Haki ipo, ila ni nyepesi, na haki nyepesi inapaswa kulipa nauli yake yenyewe.

Hapa mwanauchumi angeingilia kati. Mwaka 1879 mahakama ya London iliamua kesi ya Sturges dhidi ya Bridgman. Mtengeneza vitamutamu wa Wigmore Street alikuwa ametwanga kwenye vinu viwili vya jikoni kwake kwa zaidi ya miaka 20 bila mtu kulalamika. Daktari wa jirani akaja kujenga chumba cha kuwaonea wagonjwa kikiegemea ukuta wa jiko hilo, kisha akashtaki kwamba vishindo vinamzuia kufanya kazi. Daktari alishinda. Ronald Coase, aliyekuja kupata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1991, aliichambua kesi hiyo katika makala yake ya mwaka 1960 na kusema kwamba madhara ni ya pande mbili: kumnyamazisha mwenye kinu nako ni kumdhuru. La maana, kwake, ni kuepuka hasara iliyo kubwa zaidi. Kwa vinu vya biashara hoja hiyo ina uzito. Kwa kompresa ya nyumbani inalegea, kwa kuwa gharama ya kuondoa madhara inajulikana kabla ya siku ya kwanza, imeandikwa kwenye bei, na anayechagua ni mmoja tu. Jirani hakwenda naye dukani.

Basi anachagua nini? Brashi ya upepo, ile ya kupulizia rangi, haihitaji makubwa: mgandamizo wa bar 1 hadi 2, na hewa ya lita 10 hadi 20 kwa dakika. Kompresa ya gereji ya lita 24 isiyotumia oili, ambayo mota yake inazunguka karibu mara 2,850 kwa dakika, inatoa hewa nyingi kuliko hiyo na kelele za kumfanya mtu apige kelele ili asikike. Zipo zenye mota ya taratibu, mizunguko kama 1,400, na pistoni mbili, hizo zinastahimilika. Zipo ndogo za pistoni moja zilizoundwa kwa ajili ya brashi, na tangi la lita 3 au bila tangi kabisa. Juu ya zote ni zile za aina ya friji, ambazo pampu na mota zimefungwa ndani ya chombo cha chuma, zikining'inia kwenye springi na kuoga kwenye oili. Hizo ndizo zinazoweza kuitwa kimya bila aibu. Bei yake ni mara kadhaa ya nyingine, zinataka kusimama wima, na oili yake inataka kuangaliwa. (Anayekaa pwani, kwa aina yoyote, anunue na chujio la maji, na afungue koki ya chini ya tangi kila baada ya kazi, kwa kuwa unyevu wa hewa ya Mombasa hugeuka maji ndani ya tangi, na maji hugeuka kutu.)

Tangi ndilo watu wanalolidharau. Lita 3 zikijazwa hadi bar 4, na mota ikiwaka tena mgandamizo ukishuka hadi 3, zimetoa lita 3 tu za hewa. Kwa matumizi ya lita 12 kwa dakika, hizo ni sekunde 15, kisha ngurumo inaanza upya, usiku kucha. Tangi la lita 24 lililojazwa hadi bar 8 na kutumiwa hadi bar 2 linatoa lita 144, yaani dakika 12 za ukimya mtupu. Kwa hiyo ile mashine ya gereji yenye makelele, ikiwashwa kwa dakika chache saa nne asubuhi wakati watu wako kazini na sokoni, kisha ikachomolewa kwenye umeme, inaweza kumfanya mpulizaji awe jirani mwema kuliko mwenye mashine ya "kimya" inayowaka na kuzima mpaka saa sita za usiku. Maadili ya kelele yana saa. Hata sheria inajua hivyo: kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 45 ndani ya nyumba za makazi mchana, na 35 tu kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Kinachobaki ni miguu ya mashine. Zulia zito lililokunjwa, au kipande kinene cha mpira laini chini ya ubao ambao kompresa imesimama juu yake, huondoa mtikisiko ambao pesa nyingi za dukani haziuondoi. Kuiweka ndani ya kabati lililofungwa ili isisikike si suluhisho: mota inakosa hewa, inachemka, na kabati lenyewe linageuka ngoma.

Anayenunua aulize kwanza kama duka linapokea mashine ikirudishwa ndani ya wiki. Likikubali, jaribio lifanyike wiki hiyohiyo, katika saa ambayo brashi itatumika kweli, mwenye mashine akishuka chini kukaa sebuleni kwa jirani, na mtu mwingine akiwasha juu.