Jina la Martin na Amali za Mwenye Jina

Katika majina ya ukoo ya Ufaransa hakuna lililoenea kuliko Martin. Na la ajabu ni kwamba asili yake ni Mars, mungu wa vita wa Warumi wa kale, ilhali sababu ya kupendwa kwake ni huruma. Kwani Martin wa Tours, alipokuwa askari wa dola ya Kirumi na kabla hajabatizwa, yasimuliwa kwamba alimkuta fakiri yu uchi katika baridi kali langoni mwa mji wa Amiens, akalikata joho lake kwa upanga, akampa nusu. Baadaye akaacha silaha, akawa askofu, na baada ya kufa kwake mwaka 397 wazazi wengi wakawaita wana wao kwa jina lake, hata katika Enzi za Kati likawa jina la koo zisizo na nasaba moja. Je, jina humfanya mtu, au mtu hulifanya jina? Naitakidi kwamba jina ni amana tuipokeayo bila hiari, lakini maana yake huthibitika kwa amali zetu. Basi mwenye kurithi jina jema asijifakharishe kwalo, bali alitendee haki.