Jumla na Jina

Alasiri moja, baada ya sala, mjukuu wangu, aliyekuwa akinitengenezea katika kompyuta daftari la minazi yetu hapa Mwera, Pangani, aliiamuru mashine, kwa lugha iitwayo SQL, ijumlishe nazi za kila konde na papo hapo itaje mkwezi. Nayo ikakataa katakata, ikidai kwamba safu ya mkwezi haimo katika amri ya GROUP BY, ile ipangayo makundi, wala haikujumlishwa kwa kanuni yoyote. Kijana alighadhibika. Mimi nikaiona mashine ile ina insafu kuliko wasifu nyingi nilizowahi kusoma.

Maana konde moja huanguliwa na wakwezi watatu, na jumla ikiwa ya wote, kuliweka ubavuni mwake jina la mmoja ni kuwadhulumu wawili. Programu za hifadhidata za MySQL za zamani, kabla ya toleo la 5.7 la mwaka 2015, kwa mipangilio yake ya kawaida hazikuwa na haya hiyo: ziliokota jina lolote kutoka kundini, na msomaji asiyejua akalisadiki.

Je, yajuzu mtu mmoja kusimama mbele ya jumla ya wengi? Sisi wa Pangani tumelionja jambo hili katika mkonge. Katika ile miche 1,000 aliyoiagiza Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, kutoka Florida, ambayo 62 tu ndiyo iliyofika hai mwaka 1893 ikapandwa Kikogwe, kulichipuka mali isiyo kifani. Na kila isimuliwapo habari hiyo jina litangulialo ni lake, ilhali waliokata majani, wakichomwa na miiba jua likiwa utosini, waliitwa manamba, yaani watu wa namba.

Itikadi yetu Waislamu ni kwamba Siku ya Hisabu kundi litakuwa ni nafsi yenyewe, na hakuna atakayetwishwa mzigo wa mwenziwe. Hata sala ya jamaa, iliyopokewa kuwa yaizidi sala ya pekee kwa daraja 27, huandikiwa kila aliyesimama safuni, haiandikiwi msikiti.

Mjukuu wangu, asiyependa hotuba, alinisikiliza mpaka nikanyamaza, kisha akauliza:

“Sasa babu, nipange kwa konde au kwa mkwezi?”

“Kwani karatasi hiyo ni ya nini?”

“Ya malipo ya Ijumaa.”

Akaifuta safu ya konde kabla sijamjibu.